Randa ya Vidole Vitatu

Shiiii. Ndefu, ya pumzi moja, kisha kimya kidogo, kisha tena. Ndivyo wanavyoikumbuka watu wa Bugembe, pembeni mwa mji wa Jinja, waliokuwa watu wazima kabla ya vita vya mwaka 1979: randa ya Adrisi ikiteleza juu ya ubao wa mvule, ndani ya kibanda cha mabati kando ya barabara ya Iganga. Malori yalinguruma, makondakta waliita abiria wa Jinja, redio za madukani zilizozana, na bado sauti ile ilisikika. Haikushindana na kitu. Ilipita chini ya makelele yote kama maji yanavyopita chini ya majani.

Adrisi alikuwa Mnubi, mjukuu wa mmoja wa wale askari wa asili ya Sudan walioletwa na Waingereza na kuachwa Uganda pamoja na wake zao, dini yao na lugha yao. Ndugu zake wengi waliingia jeshini. Yeye aliingia kwenye kiwanda cha kupasua mbao, na huko, akiwa bado kijana, msumeno wa umeme ukamkata vidole viwili vya mkono wa kulia: cha shahada na cha kati. Alibaki na gumba na vile viwili vya pembeni.

Alipopona alijaribu useremala wa mkono, akagundua kwamba randa za chuma za dukani zinamtaka mtu mwenye mkono mzima. Zilimponyoka. Zilichimba ubao hapa, zikaruka pale. Basi akawa anatengeneza vitanda vya kamba na milango ya vyoo, kazi ambayo haikaguliwi na mtu, na jioni alikaa akiutazama mkono wake kama mtu anayemtazama mgeni asiyetaka kuondoka.

Mkewe, Madina, ndiye aliyesikia habari za Wamboga. Huyo alikuwa fundi wa Mbale, Mgisu mfupi mwenye masikio makubwa, aliyechonga randa za mbao tupu, kila moja kwa ajili ya mwenyewe na si kwa mwingine. Adrisi alipanda basi akaenda. Wamboga hakumtazama uso, alitazama mkono.

"Hii ilikuliwa na nini?"

"Mashine."

"Mashine haina adabu." Akaingia ndani, akatoka na donge la udongo mbichi, ule wa kufinyangia vyungu. "Kamata."

"Nikamate vipi?"

"Kama unakamata shingo ya kuku ya jirani, na jirani iko nyumbani."

Adrisi akacheka, akakamata. Wamboga akalichukua donge lile, likiwa na alama za kiganja na vidole vitatu, akaliweka kivulini likauke polepole. "Rudi kahawa ikishavunwa," alisema. "Usiniletee haraka. Haraka ndiyo ilikula vidole yako."

Aliporudi, randa ilikuwa tayari. Ilichongwa kwa loliondo, mti mgumu wa msitu wa Mlima Elgon, na rangi yake ilikuwa ya chai nzito. Chuma chake kilifuliwa kutoka springi ya lori na kubanwa kwa kabari ya mti huohuo. Upande wa nyuma, mahali pa kushika, palikuwa na mabonde matatu madogo na kilima kimoja laini pale ambapo vidole viwili vilikosekana, ili mkono upate pa kuegemea na usione pengo. Mtu mwenye mkono mzima akiishika, vidole vyake vilikosa pa kukaa. Adrisi aliishika, akasukuma mara moja juu ya ubao wa Wamboga, na randa ikatoa utepe mmoja mrefu, mwembamba, uliojikunja kama nywele za mtoto mchanga. Wamboga naye akageuka akajifanya anatafuta patasi, kwa sababu hakupenda kumtazama mwanamume anayelia.

Kuanzia hapo kazi nzuri zikamfuata: makabati ya nguo ya maharusi, masanduku, viti vya ofisi. Na ndipo Romano alipoanza kuja.

Romano alikuwa askari magereza, Mteso wa kutoka wilaya ya Kumi, Mkatoliki, mrefu hata alilazimika kuinama chini ya mabati ya kibanda. Alitoka zamu, akaketi juu ya rundo la mbao na karanga zake mfukoni, akasikiliza. Hakuwa na haja ya kabati. Alisema tu kwamba kutwa nzima anasikia funguo na milango ya chuma, na masikio yake yanataka kuoshwa.

"Fundi," alisema kwa Kiswahili chake cha kambini, "watu nalipa wewe kwa kabati, ama kwa hii filimbi?"

"Afande, tafuna polepole, unaikatisha."

Mke wa Romano, Proscovia, aliwacheka. Alisema mumewe anakwenda kwa Mnubi kama wengine wanavyokwenda kwenye pombe, ila huyu anarudi na vumbi la mbao kwenye nyusi.

Vita vilipofika, vilifika kwanza kwa maneno. Watu walioazima msumeno jana walianza kusema "hawa" na "wale." Jeshi la serikali ya kijeshi lilikuwa likikimbia kutoka Kampala, wanajeshi wa Tanzania na Waganda waliokuwa nao walikuwa wakikaribia daraja la bwawa la Jinja, na mjini, machoni pa watu, kila Mnubi alikwisha kuwa askari, hata mshona nguo, hata muuza sambusa, hata seremala mwenye vidole vitatu. Romano alikuja nyumbani kwa Adrisi mchana, akiwa amevaa sare, ili watu wafikiri amekuja kukamata.

"Wewe na Madina natoka leo. Kuna lori naenda Tororo. Mimi najua dereva."

"Vyombo vyangu viko kibandani."

"Fundi. Leo mimi naweza sema na dereva. Kesho mimi hapana weza sema na mtu."

Wakaondoka na fuko la nguo na birika. Adrisi alikaa nyuma ya lori, mkono wake umefichwa chini ya khanga ya Madina. Walivuka mpaka wakaenda kwa jamaa zao Wanubi wa Kibos, karibu na Kisumu.

Siku ya pili yake kibanda kilivunjwa. Vita vikipita, mlango wa Mnubi haukuwa na mwenyewe. Watu waliingia wakatoka na mbao, misumari, meza, mabati ya paa. Romano aliingia pamoja nao. Hakuwafukuza; asingeweza, na sare yenyewe alikuwa ameivua kwa sababu siku ile sare yoyote ilikuwa hatari. Alisukumwa akasukuma, akapiga magoti chini ya benchi lililokuwa likibebwa na wengine, akatoka na randa imefichwa tumboni chini ya shati.

"Tazameni mjinga huyu," mwanamume mmoja alipiga kelele, akiwa na cherehani ya mtu kichwani. "Watu wanachukua mali, yeye anachukua kuni!"

Romano akacheka pamoja nao, akaenda nyumbani.

Hakuwa seremala. Alichojua kuhusu mbao ni kile kinachojulikana na kila mtu wa nchi ile: kwamba mchwa hula kila kitu, na kwamba dawa ya mchwa ni oil chafu ya gari, ile nyeusi inayomwagwa injini ikisafishwa. Nguzo za ua hupakwa hiyo. Miguu ya ghala hupakwa hiyo. Basi alimwomba makanika mmoja kopo la oil, akaipaka randa juu na chini, akaifunga katika sweta lake kuukuu la kazi, akaitia ndani ya debe na kulifukia chini ya banda la kuku. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa kufuata taratibu, kila mvua zilipokaribia alilifukua debe, akaipaka tena, akalifukia.

Miaka ile kukutwa na kitu cha Mnubi kulitosha kumfanya mtu aulizwe maswali. Walikuja askari wa serikali moja, wakaja wa nyingine, na wote walipenda kuchungulia chini ya vitanda na ndani ya mabanda.

"Utatuua kwa ajili ya ubao," Proscovia alisema.

"Haiko ubao. Iko mkono ya mtu."

Kule Kibos, Adrisi alikarabati mikokoteni ya miwa. Ilikuwa kazi ya shoka na nyundo. Madina alisuka vikapu na vifuniko vya sahani vya rangi, kama wanawake wa kwao wanavyosuka, akauza. Baadhi ya jioni Adrisi alikutwa akisukuma hewa mbele yake, taratibu, bila kujua kwamba anafanya hivyo. Madina hakumwambia.

Walirudi Jinja baada ya serikali kubadilika tena mwaka 1986, watu walipoanza kusema kwamba sasa mtu anaweza kulala. Kibanda kilikuwa nguzo nne na majani. Adrisi alikuwa bado amesimama pale, hajui aanze na nguzo ipi, aliposikia mtu akikimbia, kukimbia kwa mzee, viatu vikipiga chini ovyo. Ni Romano, amestaafu, mvi kichwa kizima, na debe begani.

Hawakusalimiana. Romano aliliweka debe chini, akafungua sweta.

"Mchwa nakula mlango yangu," alisema, akihema. "Nakula godoro. Nakula mpaka picha ya padri. Hii hapana gusa. Mimi napaka oil, kila mvua mimi napaka. Angalia! Inang'aa kama kiatu ya gwaride."

Randa ilikuwa nyeusi tii. Ilinuka gereji. Adrisi aliingiza mkono wake mahali pake, na mahali palikuwa vilevile. Kilima kile laini kilimgusa pale pasipo na vidole. Akamkumbatia Romano, uso wake ukaishia kifuani mwa rafiki yake. "Nzuri, Afande," alisema. "Nzuri sana."

Aliijaribu baadaye, kibanda kilipokwisha kuezekwa mabati tena, akiwa peke yake na kipande cha mvule kilichopasuliwa karibuni, bado kina rangi ya asali. Utepe ulitoka kama zamani. Lakini pale randa ilipopita, ulibaki mstari mweusi, mpana, wenye mafuta. Akakifuta. Mstari ukaenea. Akasugua randa kwa majivu, akaianika juani, akaisugua tena. Jua lilipoipasha moto, oil iliyokuwa imejificha ndani ya mti miaka yote ile ikatoka jasho upya.

Na ndipo kazi ilipokuja, kazi yenyewe hasa. Kaka yake Madina, Haji Muhamad, alikuwa msimamizi wa msikiti mdogo huko Mbale ambao mimbari yake ilichomwa kuni wakati wa vita. Walitaka nyingine kabla ya Ramadhani, ya mvule, ngazi tatu, safi, na walitaka ichongwe na mtu wao. Adrisi alichonga ngazi moja, akaifunga gunia, akaenda nayo Mbale pamoja na randa.

Haji Muhamad aliigeuza ngazi ile mkononi.

"Shemeji, hii ni mimbari au ni gereji? Sisi hapa tunasali, hatubadilishi oil."

"Hii ya majaribio, Haji."

"Alhamdulillahi. Nilidhani khatibu atapanda na spana."

Kwa Wamboga hapakuwa na mzaha. Mzee alikuwa hai, macho yamefifia, mikono bado imara. Aliinusa randa kabla ya kuishika, akaiweka mapajani kama mtu aliyeletewa mtoto wake mgonjwa.

"Nani ilifanya hii?"

"Rafiki yangu. Aliificha miaka yote ya vita. Alihatarisha nyumba yake kwa ajili yake."

Wamboga aliukwaruza mti kwa ukucha. "Mti ilikunywa mpaka moyo," alisema. "Haitatoka. Nikibandika mti mpya chini yake, gundi itakataa. Kwa mlango ya choo, sawa. Kwa kazi safi, hapana." Akaita ndani aletewe udongo. "Kamata. Udongo ile ya zamani ilipasuka. Gogo ya loliondo iko, nitakuchongea ingine."

Adrisi alikamata. Alama tatu zikakaa ndani ya donge. Kisha akasema, "Usianze, mzee. Ngoja nikuletee neno."

"Neno gani?"

"Anakuja kila siku. Romano. Anakaa juu ya mbao na kuitazama. Akiona nyingine, atauliza."

"Si umwambie."

"Nimwambie nini? Kwamba alichokilinda, yeye ndiye aliyekiharibu?"

Wamboga alilifunika donge kwa kitambaa chenye maji, ili lisikauke upesi, akasema kwamba udongo unaweza kungoja, lakini yeye ni mzee.

Kwa hiyo ikawa hivi. Mchana, Romano akiwepo, Adrisi alipiga randa yake nyeusi kwenye migongo ya mbao, zile pande ambazo zingekaa ndani na kutoonekana. Sauti ilikuwa ileile, maranda ya mbao yalifunika mistari, na Romano alifumba macho akitafuna. "Namna gani, Fundi?" aliuliza kila mara. "Inakata?" Na Adrisi alijibu kila mara, "Nzuri, Afande. Nzuri sana." Romano akiondoka, Adrisi aligeuza mbao, na pande zile za mbele, zile ambazo waumini wangezitazama, alizilainisha kwa vipande vya kioo cha chupa na msasa, akikwangua kidogo kidogo, kioo kikimponyoka kwenye mkono usio na vidole vya kukishika.

Madina alimfunga vitambaa.

"Vilivyobaki navyo unavikata," alisema. "Mwambie yule mtu. Yeye ni mtu mzima, atalia, atanyamaza."

"Kesho."

"Umesema kesho tangu mwezi uliopita."

"Madina, siku watu wote walipotuita 'hawa', nani alikuja mlangoni?"

Madina alikaza fundo la kitambaa kwa meno.

Mimbari ilikamilika ila ubao mmoja, ule mpana wa juu, mahali ambapo khatibu angeweka mkono akizungumza. Adrisi alikuwa ameukwangua mpaka ukawa laini kama shavu, na alikuwa ameulaza kwenye benchi ukingoja kupigiliwa, kwa sababu gari la Haji Muhamad lingefika asubuhi. Adhana ya alasiri ilipoita alinawa, akaenda msikitini.

Romano siku ile alikuja mapema. Alikuta kibanda kitupu, ubao benchini na randa kando yake. Alijua gari linakuja. Alifikiri, kama mtu yeyote angefikiri, kwamba ubao unangoja randa na fundi amechelewa, akataka kusaidia. Akainama chini ya mabati, akaishika. Vidole vyake vilikosa pa kukaa. Akakunja viwili ndani ya kiganja, cha shahada na cha kati, akaona sasa inashikika, akasukuma.

Adrisi aliporudi alimkuta amesimama pale, bado amekunja vidole vile viwili. Katikati ya ubao ulipita mstari mweusi, na kando yake mwingine, na mwingine. Mikono ya Romano ilikuwa inadondosha maji.

"Mimi nafikiri mkono yangu iko chafu," Romano alisema. "Naenda kwa Mama Madina, nanawa na sabuni. Narudi, nasukuma tena. Inakuja tena." Aliigeuza randa, akaitazama chini. Akaipitishia kidole gumba, akakitazama kidole. "Fundi. Hii iko ile oil?"

Adrisi angeweza kusema ni vumbi la barabara. Angeweza kusema ni mvule, kwamba mvule mwingine una damu nyeusi, Romano angeamini. Alivua kofia yake, akaitundika kwenye msumari.

"Ni oil, Afande."

"Tangu lini?"

"Tangu siku uliyoniletea."

Romano aliiweka randa chini polepole, kama kitu kinacholala. Macho yake yalitembea juu ya mimbari, yakateremka kwenye sakafu, yakaona vipande vya chupa chini ya benchi, yakapanda hadi kwenye vitambaa vya mkono wa rafiki yake, na hapo yakakaa.

"Kila siku mimi nakuja hapa," alisema. "Nakula karanga. Nauliza wewe, namna gani, na wewe najibu mimi muzuri, muzuri. Wewe nafanya mimi mtoto, Fundi? Kwa nini hapana sema?"

Alikuwa amekwisha kugeuka, ameinama chini ya mabati, mguu mmoja nje barabarani. Adrisi alimshika mkono wa shati kwa vidole vyake vitatu. Lori lilikuwa linapita, na alingoja mpaka lilipopita, na hata hapo alizungumza chini sana, kwa sauti ambayo ilimbidi Romano arudi ndani kuisikia.

"Niliogopa utaacha kuja."